Wadosi, Bahari na Mitambo 130

Kama unafurahia kuona matajiri wakiumbuliwa mchana peupe, kitabu cha Cape Wind utakimaliza kwa siku mbili. Waandishi ni wanahabari wawili, Wendy Williams na Robert Whitcomb, na kilitoka 2007. Kinasimulia jinsi Jim Gordon alivyotaka kusimamisha mitambo 130 ya upepo baharini pale Nantucket Sound, jimbo la Massachusetts, na jinsi majirani walivyogeuka mbogo.

Na majirani wenyewe si watu wa kawaida. Kuna Seneta Ted Kennedy, ambaye familia yake ina makao yake Hyannis Port, mbele ya maji hayohayo. Kuna Bill Koch, bilionea aliyechuma kwa mafuta na makaa ya mawe, akimwaga pesa kwenye kundi la kupinga mradi. Hata Walter Cronkite, mtangazaji aliyeaminiwa na Marekani nzima, alitoa sauti yake kwenye tangazo la kupinga, kisha akabadili msimamo. Robert F. Kennedy Jr., wakili wa mazingira, naye aliandika gazetini 2005 kuukataa. Yaani watu walewale wanaohubiri nishati safi, ila isiwe hapa, jameni, hapa ndipo tunaposafirisha mashua zetu.

Kicheko hicho waandishi wanakijua vizuri, na wanastahili sifa. Shida yangu ni kwamba kicheko kinawatosha. Ukishamaliza kurasa zote unabaki na hisia kwamba anayekataa mtambo ni bwanyenye anayelinda mandhari yake, basi. Kila mpinzani amepakiwa kwenye yoti moja.

Lakini Wampanoag hawakuwa na yoti. Hawa ni wenyeji wa pwani hiyo kabla Mwingereza yeyote hajatia nanga. Walisema ibada zao za macheo zinahitaji upeo wa mashariki usiozibwa, na kwamba sakafu ya bahari ile ilikuwa nchi kavu zamani, mahali walipoishi mababu zao. Pingamizi lao lilivuma zaidi miaka ya 2009 na 2010, kitabu kikiwa tayari madukani, kwa hivyo siwezi kuwalaumu waandishi kwa kutoandika yaliyokuwa hayajatokea. Ninacholaumu ni ule mzani wao. Ukiisha kuamua kwamba pingamizi ni ugonjwa wa matajiri, maskini akija na lake unalipima kwa kipimo gani? Aprili 2010 serikali iliidhinisha mradi, Wampanoag wakiwa bado wanakataa.

Hapa ndipo msomaji wa Kenya anafaa kukaa kitako. Kinangop, mradi wa upepo wa takriban megawati 60 ulikufa 2016 baada ya wakulima kuandamana. Kule Loiyangalani mitambo 365 ilisimama, stima ikafika kwenye gridi, na Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa njia halali. Mkulima wa Kinangop aliambiwa haelewi maendeleo. Seneta wa Massachusetts akisema jambo hilohilo la kukataa, anaitwa mnafiki, lakini anasikilizwa. Tusi la mnafiki angalau linakiri kwamba mtu ana akili.

Kitu kingine kinachokosekana ni upepo wenyewe. Nantucket Sound ina upepo wa kusini-magharibi unaoshika kasi alasiri za kiangazi, wakati watu wamewasha viyoyozi. Nahodha wa Lamu, aliyelelewa na kusi na kaskazi, angeuliza mara moja: unageuka lini, unamfaa nani? Kitabuni upepo ni megawati 468 na hoja ya mawakili.

Wadenmark waliuliza hilo swali la nani. Middelgrunden, nje kidogo ya Copenhagen, ina mitambo 20, na nusu ya mradi ulipoanza ilimilikiwa na chama cha ushirika chenye wanachama zaidi ya 8,000. Unaiona kutoka ufukweni kila siku, tena ni yako. Gordon aliwapa majirani mandhari mapya na ahadi ya hewa safi. Hisa hawakupewa.

Kampuni mbili za umeme zilivunja mikataba Januari 2015, na mwisho wa 2017 mradi ukatupwa. Mitambo mingine ikaja kusini mwa Martha's Vineyard, mbali zaidi na macho. Julai 2024 bawa la mmoja likavunjika na vipande vikaoshwa hadi fukwe za Nantucket; Januari 2025 Trump akasimamisha ukodishaji mpya wa bahari kwa ajili ya upepo. Toleo jipya la kitabu lingehitaji sura za kutosha. Ya kwanza ningewaachia Wampanoag waiandike.