Betri za Droni Majengo: Namna Zinavyofufuliwa na Namna ya Kuzilaza

Mwezi wa Desemba, Wachaga wanaporejea nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo, na njia za kupandia Marangu, Machame, Kibosho na Rombo zikajaa magari ya ndugu waliokuja kuoa, kuoza na kubariki nyumba mpya, hakuna mpiga picha wa Moshi mwenye droni anayepata siku ya kupumzika. Lakini Januari ikishapita, na hususa Kwaresima na Ramadhani zinapoingia pamoja, kama zilivyoingia katika juma la kwanza la Machi mwaka 2025, harusi husimama kwa Wakristo na kwa Waislamu vilevile, na vyombo hivyo huwekwa kabatini hadi Pasaka na Idi. Aghalabu ni katika muda huo wa kabatini ndipo betri hufa, na mafundi wa Majengo, mjini Moshi, hulitambua jambo hili kwa wateja wanaofika Idi ikishapita, kila mmoja na betri isiyowasha hata taa moja, akiapa kwamba aliiweka nzima.

Haapi uongo. Aliiweka nzima, ila aliiweka tupu, na hapo ndipo penye asili ya madhara yote.

Tuchukue betri ya droni ya Mavic Pro, ambayo ingali mikononi mwa wapiga picha wengi: ina seli tatu zilizounganishwa mfululizo, ujazo wake ni miliampea-saa 3,830, na nishati yake ni wati-saa 43.6, kiasi kinachotosha kuchemsha takriban nusu lita ya maji. Kila seli ikijaa husimama kwenye volti 4.35, ilhali seli za kawaida za jamii hii hukomea 4.2. Ndani yake mna utando wa shaba uliopakwa grafiti na utando wa alumini uliopakwa oksidi ya metali, na kati yao kimiminika chepesi kushika moto, ambamo chembe za lithiamu huenda na kurudi. Pamoja na seli imo kadi ya elektroniki, mlinzi asiyelala, inayokula chaji kidogo kidogo usiku na mchana. Betri ikiachwa imejaa, kadi hii kwa kaida huisubiri siku kumi, kisha huipunguza yenyewe hadi karibu asilimia 65, na ndiyo sababu watu wamedhani kwamba betri hujitunza; lakini hakuna kadi iwezayo kuongeza chaji katika betri iliyorudi harusini na asilimia tano. Hiyo hushuka hadi chini ya volti tatu kwa seli, kadi ikajifunga isiitike tena, na seli zikaendelea kuvuja zenyewe polepole. Zikishuka sana, chini ya volti mbili hivi, na kukaa huko muda mrefu, shaba ya ule utando huanza kuyeyuka ndani ya kimiminika; na siku betri inapochajiwa tena, shaba hiyo hutua mahali pasipo pake, ikajenga njia baina ya pande mbili ambazo hazikupasa kugusana abadani. Kwa hiyo betri iliyokufa kabatini imekufa kwa amani. Hatari huzaliwa saa ya kuifufua.

Nimeketi barazani kwa fundi mmoja wa Majengo nikaitazama kazi hii kwa tafsili, na kilichonipendeza si ustadi wa mikono yake bali mpangilio wa hukumu zake. Kabla ya kushika chombo chochote aliipapasa betri na kuinusa: iliyovimba, au inayotoa harufu tamu ya dawa ya kuyeyushia rangi, aliiweka kando bila mjadala, hata mwenyewe alipomsihi. Iliyosalimika aliichomeka kwanza katika chaja yake ya asili na kuiacha kwa muda, kwani nyingi zimelala tu, nazo huamka hapo bila kufunguliwa. Isiyoamka aliifungua ganda kwa kipande cha plastiki, wala si kwa kisu, maana ncha ya chuma ikitoboa seli mambo yamekwisha. Kisha akapima kila seli peke yake kwa mita. Moja ilisoma 2.68, 2.70 na 2.69, naye akaikubali. Nyingine ilisoma 2.6, 2.6 na 0.9, naye akaikataa papo hapo, kwa sababu seli moja iliyowaacha wenzake mbali hivyo haikuvuja kwa njaa ya kadi peke yake, bali ina ugonjwa wa ndani.

Ile aliyoikubali aliitia mkondo mdogo mno, ampea 0.15, ambao haufiki hata sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake, huku volti ya chombo kinachotoa umeme imewekewa kikomo, na betri yenyewe imelazwa juu ya tofali uwanjani, mbali na mlango. Kila mara alirudi kuigusa. Lau ingepata joto katika mkondo mdogo namna ile, angeikata. Seli zilipofika volti tatu aliziacha zipumzike, ndipo akaziachia chaja yake ya asili. Na betri ilipojaa hakumpa mwenyewe siku ile, bali aliilaza hadi kesho na kuzipima seli tena, kwa kuwa ile njia ya shaba, kama imeshajengeka, hujidhihirisha kwa seli kushuka peke yake wakati wenzake wamesimama. Usiku huo mmoja wa kungoja, kwa rai yangu, ndio ulio bora kuliko hatua zote zilizoutangulia, na ndio unaoachwa na mafundi wenye haraka.

Wapo wanaochukua nyaya mbili na kuiunganisha betri iliyokufa moja kwa moja na betri ya gari, mkondo ukaingia bila kikomo. Nao huamsha, sikatai, ila huamsha nzima na mbovu pamoja bila kuzibagua. Wapo pia wanaotumia programu kufuta alama ya hitilafu ya kudumu ambayo kadi imejiandikia, bighairi ya kupima seli, na huko ni kumnyamazisha shahidi kabla hajasikilizwa. Droni hiyo kesho yake itapita juu ya vichwa vya watoto na vikongwe waliokaa chini ya turubai, na mwenye kuifanyia kazi hana budi kuwafikiri hao.

Kuhusu kuhifadhi, mambo mawili huizeesha betri iliyolala, nayo ni joto na shibe. Isidor Buchmann wa Kanada, muasisi wa kampuni ya Cadex, ameeneza jedwali ambalo kila mwenye droni angepaswa kulijua: betri ya lithiamu ikiwekwa mwaka mzima na chaji ya asilimia 40 katika nyuzi 25, hubakiwa na uwezo wa asilimia 96, ikiwekwa imejaa katika nyuzi 40, hubakiwa na 65 tu. Na katika chumba cha Majengo kilichoezekwa bati bila dari, katika Januari na Februari ambapo Moshi huwaka, kabati la juu hukaribia joto hilo kila alasiri. Basi betri ilazwe nusu shibe, volti 3.8 hadi 3.85 kwa seli, chini karibu na sakafu ya saruji, ndani ya sanduku la bati lililotandikwa mchanga mkavu, na kifuniko chake kiwe na matundu, kwani sanduku lililozibwa kabisa hugeuka bomu hewa zikifumka ndani. Isikae karibu na godoro wala mtungi wa gesi. Kila mwezi itolewe ipimwe, na ikiwa imeshuka iongezwe.

Ikitokea imeshika moto, watu wengi mtaani huogopa kuimwagia maji, wakidhani lithiamu italipuka. Lithiamu iliyo katika betri hizi si pande la metali, na maji mengi ndiyo yanayoipoza. Mchanga huzuia ndimi za moto zisisambae lakini haupozi, na seli ya pili huweza kuwaka baada ya ya kwanza kuzimika. Moshi wake una sumu kali ya floridi. Usivutwe kabisa.

Kwa wanaopanda Mlima Kilimanjaro na kibali cha kurusha, tahadhari hugeuka: baridi ya usiku wa Kibo haiui betri iliyolala, ila kuichaji chini ya nyuzi sifuri huitandika lithiamu juu ya grafiti kwa namna isiyoondoka, kwa hiyo ilale ndani ya nguo na ipate joto kabla ya kuchomekwa. Na anayesafiri kupitia uwanja wa ndege wa KIA azichukue betri za akiba mkononi, ncha zimefunikwa, wala asizitie katika mzigo wa chini ya ndege. Iliyovimba isisafiri kabisa.

Zilizokataliwa yule fundi hazitupi jalalani, ambako taka huchomwa. Huunganisha seli zenyewe, nje ya kadi, na balbu ya breki ya gari ya volti 12 na wati 21, akaiacha uwanjani hadi mwanga ufifie na kuzimika, kisha akaiacha siku nyingine nzima ndipo aifungue. Mita ikisoma sifuri, huzifunga ncha kwa utepe na kuziweka katika ndoo ya mchanga nyuma ya kibanda, mbali na zile zinazongoja kufufuliwa, ili mwanafunzi wake asije akachanganya.