Maji Yana Mwenyewe

Taarab ya Unguja imezoea kuyaita mapenzi maradhi. Aliyependa ni mgonjwa, mpenziwe ndiye tabibu. Ukitaka zaidi, kuna moto na kidonda. Mohamed Suleiman Mohamed alipotoa riwaya yake mwaka 1972, kupitia East African Publishing House ya Nairobi, jaladani aliweka neno kavu kuliko hayo: Kiu. Ilikuwa miaka 12 tu tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla itupe mpelelezi Bwana Msa, na riwaya ya Kizanzibari ilikuwa bado changa.

Uteuzi huo una hesabu yake. Mgonjwa huonewa huruma, na huenda akapona peke yake. Mwenye kiu anataka kitu kimoja tu, na kitu hicho kina mwenyewe, anayeweza kukuuzia, kukunyima, au kukupa kisichonyweka. Sasa tazama mwandishi alivyoigawa kiu hiyo. Mwinyi, mzee tajiri, ana kiu ya Bahati. Bahati, msichana mzuri, ana kiu ya Idi. Idi, kijana anayemtumikia Mwinyi, ana kiu ya fedha, na fedha ziko kwa Mwinyi. Duara limefungwa. Hapahitajiki jini, mganga wala sadfa ya njiani. Kila mmoja akinyoosha mkono wake, mwingine anaumia.

Uzuri nao umebadilishiwa kazi. Katika utumbuizo wa Mwana Manga unaonasibishwa na Fumo Liyongo, mwanamke anasifiwa tangu nywele hadi miguu, naye katulia anatazamwa. Uzuri wa Bahati ni mtaji, na balaa lake ni kwamba anayeijua bei yake ni Idi. Ndiye anayeutumia kumkamua mzee.

Mtu wa Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, haelezwi sana hapa: bahari iko mlangoni, lakini mtungi haujazwi kwa maji yale. Mapenzi ya kuigiza anayouziwa Mwinyi ni maji hayo hayo, kila funda linaongeza kiu. Ndivyo mwandishi anavyotuonyesha mahaba yanavyogeuka wazimu bila kuleta daktari wala minyororo.

Halafu majina. Katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, Adili ni mwadilifu na Hasidi ni hasidi. Unawajua kabla hawajatenda lolote. Mohamed aliyapindua. Mwinyi, cheo ambacho Unguja inakikumbuka kwa mtawala wake wa zamani, Mwinyi Mkuu wa Dunga, anamiliki kila kitu isipokuwa anachokitaka. Bahati hana bahati. Idi ni sikukuu ya mtu mmoja, yeye mwenyewe.

Kasoro ninayoiona ni kwamba duara limekaa sawa mno. Bahati hana pa kutokea, maana akitoka hadithi inavunjika, na mateso yake wakati mwingine yananukia mpango wa fundi kuliko maisha ya msichana.

Nadhani hilo lililegezwa katika riwaya yake nyingine, Nyota ya Rehema (1976). Rehema anakataliwa na baba yake, Fuad, kwa sababu ya rangi yake, na baadaye yeye na mumewe, Sulubu, wananyang'anywa shamba wanalolitolea jasho. Jalada linataja nyota, mambo ya falaki na majaaliwa. Ndani, kila msiba una mtu aliyeuleta, na msomaji anaweza kumtaja kwa jina.