Karamu Ndogo Baada ya Isha

Kuna nyumba mjini Unguja ambazo ukialikwa chakula cha usiku, humwoni mwenyeji akihangaika. Unapiga hodi, unavua viatu mlangoni, unakaribishwa sebuleni, na mwenyeji anakaa kitako pamoja nawe. Anasikiliza habari yako mpaka mwisho. Anakumbuka kuuliza hali ya mama yako. Wakati wa kula ukifika, sinia inatoka ikifuka moshi, na hakuna aliyemwona akikimbilia jikoni au kujifuta jasho. Kwangu huu ni ufundi kamili, nao hausifiwi inavyostahili, kwa sababu ukifanywa sawasawa kazi yenyewe haionekani.

Mama mkubwa wangu wa Mji Mkongwe anao ufundi huo, na nimemtazama kwa miaka. Kwake kila kitu huanza na kuchagua chakula, naye hugawa vyakula mafungu mawili: vinavyosubiri na visivyosubiri. Chapati hazisubiri. Zikipoa zinakauka, na anayezipika moto moto atakuwa kando ya jiko huku wageni wake wakizungumza na ukuta. Samaki wa kukaanga hasubiri pia. Kuku wa nazi husubiri, ila kwa sharti: apikwe kwa tui jepesi mapema, na tui zito litiwe mwishoni kwa moto mdogo, maana likichemka kwa nguvu hukatika na mchuzi unabaki na mafuta yanayoelea. Biriani ni bingwa wa kusubiri, kwa kuwa masala yake yakilala usiku mmoja yanazidi kukolea. Pilau iko katikati, na ndiyo anayoipenda kwa wageni wachache. Kwa watu wanane kilo moja ya mchele inatosha. Yeye hupika kilo na nusu, kwa sababu katika watu wanane hakosi mmoja atakayekuja na mwenziwe, na mgeni wa namna hiyo hatakiwi kuona watu wakipunguziana.

Anaanza baada ya Alasiri. Nyama inachemshwa na tangawizi, thomu na chumvi mpaka ilainike, na supu yake inawekwa. Kisha vinakuja vitunguu, na hapa ndipo ninapopenda kusimama karibu naye.

Anavikata vyembamba, vyote kwa unene mmoja, kwa kuwa kipande chembamba kitaungua kabla kinene hakijageuka rangi. Mafuta anayamimina bila uchoyo. Mwanzoni vitunguu vinatoa maji, vinachemka badala ya kukaangika, na hapo mpishi mwenye haraka huchochea moto. Yeye hachochei. Anakoroga na kungoja mpaka sauti ya sufuria igeuke: ule mchemko mzito unatoweka, unabaki mlio mkavu wa mafuta. Ndipo rangi inapoingia, kwanza ya dhahabu, kisha ya asali, kisha kahawia. Rangi ya pilau nzima inatoka hapa. Pilau iliyopauka ni ya mtu aliyeviogopa vitunguu, na pilau chungu ni ya mtu aliyeviacha kidogo tu kupita kiasi. Mama mkubwa huviwahi kabla havijafika, kwa sababu mafuta ya moto yanaendelea kuvipika hata sufuria ikiepuliwa. Anatia upawa wa supu, mvuke unapanda, na rangi inasimama palepale alipoitaka.

Thomu na tangawizi vinafuata, halafu bizari ya pilau, hiliki, mdalasini na pilipili manga. Karafuu anazihesabu. Ni karafuu za Pemba, kali, na zikizidi hutia ulimi ganzi, mlaji asionje kitu kingine. Nyama, mbatata na supu vikishachemka, unaingia mchele uliooshwa na kurowekwa nusu saa. Anakoroga mara moja, basi. Mchele unaokorogwa sana hukatika na kutoa wanga, ukawa bokoboko.

Maji yanapokauka juu na vitundu vidogo vinapojitokeza kwenye wali, anapalia. Anapunguza makaa ya chini kwenye seredani, anafunika sufuria na kupanga makaa juu ya mfuniko. Moto unakuja kutoka pande mbili, kidogo kidogo. Unyevu wa juu unakauka, wa chini haugandi, na kila punje inasimama peke yake. Hata makaa yakifa na kubaki majivu, sufuria ile nzito inashika joto, pilau iweze kungoja saa nzima au zaidi bila kuharibika. Saa hiyo ndiyo mali yake. Anaoga, anabadilisha nguo, anatia udi kwenye chetezo, anatandika mkeka wa ukindu, kisha anakaa. Wageni wanapobisha hodi wanamkuta mtu aliyepumzika, na mtu aliyepumzika huwapumzisha wenzake.

Mwaliko wake ni wa maneno manne: "Njooni baada ya Isha." Hataji saa wala dakika. Kila mtu anaelewa ni kama saa mbili usiku, ameshaswali, hana tena anakokimbilia. Naona mwaliko huo una busara kuliko ule wa saa kamili, kwa kuwa aliyechelewa kidogo hana la kuomba radhi.

Hakosekani anayefika mapema, na huyo hupewa kachumbari. Hii nayo ni hila nzuri. Mgeni aliyewahi huona haya akikaa bure, na mwenyeji naye huona haya akimwacha peke yake, kwa hiyo kisu kinawaokoa wote wawili. Vitunguu vinakatwa, vinafikichwa kwa chumvi na kusuuzwa ili ukali upungue. Ndimu inafuata. Tungule zinaingia mwisho kabisa, maana zikikutana na chumvi mapema zitatoa maji na kachumbari itaogelea. Nimeona urafiki ukianzia kwenye bakuli hilo, kati ya watu waliokuwa hawajuani majina.

Kisha sinia. Watu wanne au watano kwa sinia moja ndio kiasi chake. Wakizidi mikono inagongana, wakipungua mazungumzo yanalegea. Kabla ya hapo kijana wa nyumba hupita na birika na tasa, akianza na mkubwa. Nani atakaa na nani, mama mkubwa ameshaamua kimoyomoyo. Mkimya humketisha karibu na mcheshi, wala hamweki karibu na mkimya mwenziwe. Mzee asiyeona vizuri huketi na mtu atakayemchambulia nyama bila kuifanya habari. Watoto wana sinia yao, na kelele zao wenyewe.

Bismillahi inasomwa, na kila mmoja anakula mbele yake. Nyama imewekwa katikati, naye anaivunja kwa vidole na kuvisukuma vipande vilaini upande wa wageni, huku akiendelea na hadithi yake kana kwamba mkono haumhusu. "Mbona hujala wewe? Sogea, mwanangu." Anasema hivyo kwa mgeni wa miaka sitini vilevile.

Jambo ninaloliheshimu kuliko yote ni kwamba haondoi mkono wake kwanza. Mwenyeji akishanawa, mgeni anayekula polepole ataona amebaki peke yake, atadanganya kwamba ameshiba na ataondoka na njaa. Kwa hiyo mama mkubwa hula kidogo na kwa muda mrefu. Anachukua tonge dogo, anazungumza, anachukua jingine, mpaka yule wa mwisho ameridhika. Nimekaa kwenye meza za watu wenye uwezo mkubwa, zenye vyombo vya gharama, ambako hakuna aliyelifikiria hilo.

Baada ya kunawa tena, huja kahawa chungu yenye tangawizi katika vikombe vidogo, pamoja na halua. Halua hununuliwa. Kuikoroga ni kazi ya muda mrefu na ya watu wenye misuli, na mwenyeji mwenye akili hawaingilii mafundi wake.

Wengine husema hayo yaliwezekana zamani, palipokuwa na makaa na muda. Sikubaliani nao. Ndugu zetu walio Muscat na London wanapalia kwa joko: moto wa nyuzi 150, sufuria imefunikwa vizuri, dakika ishirini hivi, halafu wanazima na kuiacha humo humo. Punje zinasimama vilevile. Anayekaa ghorofani Dar es Salaam na jiko la gesi anaweza kuweka bati chini ya sufuria ili moto usipige mahali pamoja. Mkeka unatandikika popote. Na kuamua mapema ni chakula gani kitakachosubiri hakugharimu hata senti.

Ukialikwa kwenye nyumba ya namna hii, nenda baada ya Isha kama ulivyoambiwa, kula ushibe, na kabla hujaaga mwombe mwenyeji akuite siku nyingine jioni, wakati vitunguu vinaingia kwenye mafuta. Wengi wa mafundi hawa ni watu wazima sasa, hawajaandika chochote, na wakiombwa hufundisha kwa furaha.