Moshi Unaosema Kweli: Tahakiki ya Filamu Fupi ya Bawa la Ndege

Huenda mkashangaa kuona mhadhiri wa Kiswahili wa hapa Kiriri akihakiki filamu ya fizikia. Lakini filamu hii ni masimulizi, na masimulizi ndiyo kazi yetu.

Ilitolewa na Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2012. Ndani yake Profesa Holger Babinsky anaweka bawa katika chombo cha kupuliza upepo na kupitisha nyuzi za moshi juu na chini yake. Ufundi huo si mpya; mwaka 1901 Mfaransa Étienne-Jules Marey alikuwa na mashine ya moshi yenye mifereji 57. Upekee wa filamu hii ni kwamba moshi unakatwa vipande vipande. Vipande vinaachana kwenye ukingo wa mbele wa bawa, kile cha juu kinafika nyuma, na cha chini bado kiko njiani.

Hapo ndipo penye utamu. Vitabu vingi vya shule vimefundisha kwamba hewa ya juu hukimbia kwa kuwa njia yake ni ndefu, na ni lazima ikutane tena na ile ya chini. Lazima hiyo haipo. Hewa si watu walioahidiana kukutana sokoni Ruvumera.

Niliionyesha filamu hii katika darasa la tafsiri. Mwanafunzi mmoja, tena hodari, aliandika kwamba hewa "hugawanyika kisha hukutana tena." Ameona kwa macho yake, lakini kitabu cha zamani ndicho kilichoshika kalamu! Mwenzake aliandika: "Ya juu huwahi, ya chini huchelewa." Kitenzi kimoja, kuwahi, kimemaliza kazi.

Kasoro ya filamu ni kupita mbio penye sababu. Hewa haipindi bila kusukumwa. Inapofuata mgongo wa bawa uliopinda, kanieneo, yaani msukumo wa hewa juu ya kila eneo, huwa ndogo karibu na mgongo kuliko mbali nao. Chini ya bawa kanieneo ni kubwa zaidi, na tofauti hiyo ndiyo inayoinyanyua ndege. Moshi huonyesha njia na mwendo, kanieneo hauionyeshi. Palihitajika mchoro, hata wa chaki. Bila huo, mtazamaji amebomolewa nyumba yake mbovu na kuachwa uwanjani.

Tulibishana pia juu ya jina la chombo. "Handaki la upepo" sikulipenda: kwetu handaki ni la askari. Nilipendekeza "bomba la upepo," wakacheka kwamba bomba ni la maji. Mwenye jina bora alilete ofisini.