Bodaboda, mwenyeji wa jiji

Mgeni anayetaka kuiona Dar es Salaam ya wenyeji asianzie Posta. Aende kijiwe cha bodaboda Mwananyamala, apatane bei kabisa kabla ya kupanda, kisha aombe kupelekwa Temeke polepole. Dereva atamwangalia mara mbili, maana neno hilo halisikii mara nyingi.

Njia yenyewe ni Barabara ya Kawawa, yenye jina la Rashidi Kawawa, Waziri Mkuu wa mwaka 1962. Inapita Kinondoni na Magomeni, inavuka bonde la Msimbazi, inagusa Ilala, halafu Chang'ombe. Foleni ikikaza, dereva anakata kona kwenye chocho, na hapo ndipo utalii unapoanza: mama anageuza vitumbua, fundi anagonga meza ya mninga, redio ya kinyozi inabishana Simba na Yanga. Bila kugeuka dereva atakwambia, "Hapa mvua ikinyesha hatupiti, bosi." Hakuna ramani inayoyajua hayo.

Serikali iliwawekea madereva hawa kanuni za leseni mwaka 2010, lakini bado wanasemwa kama wahuni. Wapo wa mwendo wa kifo na wa kubeba abiria kama mishikaki, sikatai. Ila wengi wanatafuta hesabu ya tajiri mwenye pikipiki kabla ya ugali wao, na jiji wanalijua kuliko sisi tunaowalaumu.

Ukishuka Temeke, mlipe mlichopatana, umwongezee na ya maji. Na kofia ngumu, idai kabla pikipiki haijawashwa.