Elimu ya Viumbe Ilitoka Wapi? Kupima Vitabu Viwili

Wakati wa likizo tulifika Makobola, kusini ya Uvira, pale milima inaposhuka hata karibu ya maji. Mvuvi mmoja mzee alikuwa akitengeneza wavu wake wa ndakala. Alipojua ya kuwa sisi ni watu wa seminari, alituuliza: «Wafratri, ziwa limekula nyumba zetu. Mhubiri mmoja alituambia kwamba ni adhabu ya Mungu. Mwalimu wa masomo akasema ni mvua tu, Mungu hayumo ndani ya mambo hayo. Mimi nishike neno la nani?»

Tulijibu maneno mengi, lakini hatukujibu vema. Mzee akarudi kwa wavu wake. Tena swali lake si la mchezo. Usiku wa tarehe 16 kwenda 17 Aprili 2020 mito ya Uvira, hasa Mulongwe, ilifurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu kwa maelfu walipoteza nyumba. Na mwaka 2024 maji ya ziwa yakapanda tena sana. Basi tumerudi kwa vitabu, tupate kujua elimu ya viumbe, inayoitwa sayansi, ilizaliwa wapi, na kama kweli ni adui wa dini. Vitabu viwili vinajulikana sana katika shauri hili, na kila kimoja kinakana kingine.

Cha kwanza ni cha John William Draper, mtaalamu wa kemia aliyefundisha kule New York. Alikitoa mwaka 1874, nacho kinasimulia vita ya dini na sayansi tangu zamani. Kadiri ya Draper, elimu inasukuma mbele, imani inavuta nyuma. Anawasifu Waarabu kwa elimu yao, na fimbo yake kubwa inaangukia Kanisa la Roma. Wengi wanaosema leo kwamba mtu msomi hawezi kusali, wanasema neno la Draper hata kama hawajasikia jina lake.

Tukubali kwanza lililo kweli. Mwaka 1633 Galileo alihukumiwa kule Roma kwa sababu alishika kwamba dunia inazunguka jua. Hukumu ile ilikuwa kosa, na Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri makosa ya waamuzi wale mbele ya watu wote mwaka 1992. Tena kitabu chenyewe cha Draper kilitiwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa, mwaka 1876. Katazo lile halikumjibu Draper. Lilimpa ushahidi mmoja zaidi.

Lakini Draper anachukua kesi chache na kuzifanya historia nzima. Copernicus, aliyetangulia kufundisha mwendo wa dunia katika kitabu chake cha mwaka 1543, alikuwa kanoniki wa Kanisa. Mendel, aliyehesabu mbegu za njegere na kugundua kanuni za urithi, alikuwa mtawa. Maandiko yake yalitoka mwaka 1866. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Na wanaosema kwamba Wakristo wa kale walifundisha dunia ni bapa, wafungue Summa ya Mtakatifu Tomaso. Katika swali la kwanza kabisa anatoa mfano wa dunia kuwa duara, kama jambo lililokwisha kujulikana, na linaloweza kuthibitishwa kwa njia zaidi ya moja.

Kitabu cha pili ni cha Padri Stanley Jaki, Mbenediktini aliyezaliwa Hungaria, kilichotoka mwaka 1974. Yeye anapinda mti upande wa pili. Anasema kwamba kwa Wahindi, Wachina, Wamisri na Wagiriki sayansi ilikuwa kama mimba iliyoharibika, kwa kuwa walidhani ulimwengu unazunguka bila mwanzo wala mwisho. Ni Wakristo, walioamini Muumba mmoja mwenye akili, walioweza kutafuta sheria thabiti ndani ya viumbe.

Neno hili linatupendeza, na kwa sababu hiyohiyo tulipime kwa ukali zaidi. Lina nguvu yake: vyuo vikuu vya Bologna, Paris na Oxford vilikulia katika nchi za Kikristo, na bila masomo kama yale Copernicus asingepata mahali pa kujifunza. Lakini Waislamu nao wanaamini Muumba mmoja. Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi Misri karibu ya mwaka 1000, alichunguza mwanga kwa majaribio, na wasomi wa Ulaya walijifunza kwake. Wale Wagiriki nao, vitabu vyao vilisomwa karne nyingi. Mimba iliyoharibika haiachi watoto wengi namna hii.

Tena watu wa maziwa yetu hawamo katika hesabu ya Jaki. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, pale Semliki inapotoka katika ziwa Edward, akapata mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa makundi. Umri wake unakadiriwa miaka 20.000 hivi. Wataalamu hawapatani: wengine wanaona hesabu, wengine kalenda ya mwezi. Hatutaki kudai kwamba ule ni chuo kikuu. Tunasema tu kwamba mtu alikata alama zile kwa mpango, hapa petu, kabla ya vitabu vyote.

Na kuna kesi ya karibu zaidi. Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Uvira, wakitafuta chemchemi ya Nili. Waliuliza kama Ruzizi unatoka katika ziwa au unaingia. Wana wa mwami wa Uvira wakawajibu: unaingia. Wageni hawakufika mdomoni mwa mto kujionea. Miaka michache baadaye, alipogombana na Speke, Burton aliandika kwamba maji ya Tanganyika yanaelekea kaskazini hata Nili. Mnamo Novemba 1871 Livingstone, aliyekuwa mmisionari na daktari, alikwenda pamoja na Stanley kwa mtumbwi. Waliona kwa macho: Ruzizi unaingia.

Ndugu msomaji, kesi hii inawajibu wote wawili. Anajibiwa Draper: aliyeficha ukweli hapa si padri wala dini, ni majivuno ya msomi. Anajibiwa Jaki: waliosema kweli hawakuwa wamebatizwa. Hata hivyo kujua jambo si sayansi nzima. Sayansi ni kusikia shahidi, kwenda kuona, kupima, kuandika, na kukubali kusahihishwa. Njia hiyo ilijengwa na mataifa mengi, na imani ya Muumba ilisaidia wengi kuifuata. Ng'ambo ya ziwa, kule Karema, Adrien Atiman aliyekombolewa utumwani alifika mwaka 1889. Alikuwa amesomea udaktari Malta. Akawa mganga na katekista hata kufa kwake mwaka 1956, na hatusikii kwamba kazi moja ilimzuia nyingine.

Sasa turudi kwa mzee wa Makobola. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga. Katika karne ya 19 mlango ule ulizibwa na mchanga na majani, maji yakapanda. Karibu ya mwaka 1878 ukafunguka, maji yakashuka karibu mita 10. Mvua ikizidi maji yanayotoka na yale yanayokaushwa na jua, lazima ziwa lipande. Mhubiri yule alikosa: Yesu mwenyewe, alipotaja habari za wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kuwafanya wakosefu kuliko wengine. Mwalimu naye alivuka mpaka wake: kipimo cha mvua kinasema mvua ni ngapi, hakisemi nani anayeipa kuwako. Tomaso alitufundisha kutenganisha Sababu ya kwanza na sababu za pili.

Basi sisi tutakaopanda mimbarini, tujifunze kwanza. Uvira kuna kituo cha kuchunguza maji na samaki wa ziwa, kilichoanzishwa wakati wa Wabelgiji. Tuingie tuulize, kabla ya kuhubiri juu ya gharika. Tukiwaambia waliofiwa kwamba Mungu aliwapiga, tunamsingizia Mungu, na tunawaacha wajenge tena katika njia ya mto. Likizo ijayo tutamrudia mzee yule, na safari hii tutaanza kwa kumwuliza yeye ziwa lilifika wapi alipokuwa kijana.