Si kila chenye makali ni panga

NILIKUWA Kamere majuzi, kando ya Ziwa Naivasha, nimekwenda kumjulia hali mwenzangu wa tangu enzi za chuo ambaye alistaafu ualimu akajenga huko. Baada ya chakula cha mchana tuliteremka polepole hadi ufuoni, pale wavuvi wanapotua samaki. Kando ya njia, kijana mmoja alikuwa ametandaza turubai lililojaa vinyago, shanga na vibuyu. Katikati ya bidhaa hizo kulikuwa na chuma kirefu ndani ya ala ya ngozi nyekundu.

"Mzee, chukua hiyo panga," akaniambia. "Ni ya kitambo sana. Ya Wamasai."

Nilikichomoa chuma chenyewe. Bapa lake lilikuwa jembamba karibu na mpini, likipanuka kidogo kidogo kuelekea nchani mfano wa jani refu. Lilikuwa na makali pande zote mbili na tuta jembamba lililopita katikati. Mpini ulikuwa umevikwa ngozi, wala haukuwa na kikingio cha mkono.

"Kijana wangu, hii si panga. Hii ni sime."

Akacheka. "Si ni kitu kimoja tu, Mzee? Zote zinakata."

Jibu hilo halijanitoka akilini. Simlaumu kijana. Alikuwa akisema tu yale ambayo sisi walimu, waandishi na watunga kamusi tumemfundisha. Katika makala haya ninadai kwamba Kiswahili cha leo kimeyatupa majina ya silaha zake katika kapu moja la "panga", na kwamba hasara ya jambo hilo ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Tuanze na sarufi. Neno la asili ni upanga, na wingi wake ni panga: upanga huu, panga hizi. Ukitaka kutaja kitu kikubwa au kizito zaidi, lugha inakuruhusu kuiangusha ile u- ya mwanzo na kukiingiza katika ngeli nyingine: panga hili, mapanga haya. Ndivyo tulivyopata jina la chombo cha kufyekea kichaka na kukatia kuni. Kwa hiyo mtu anayesema "panga mbili" na anayesema "mapanga mawili" wanazungumzia vitu viwili tofauti. Nembo ya taifa la Oman, kwa mfano, ina hanjari juu ya panga mbili zilizopishana. Msomee mwanafunzi wa Nakuru sentensi hiyo kisha umwombe achore anachokiona. Nahofia atakuchorea zana mbili za shambani! Kosa halitakuwa lake. Siku hizi twasema "hiyo panga" na "hizo panga" bila kujali ngeli, na ngeli ndiyo iliyokuwa imebeba tofauti ya maana.

Kamusi nazo hazitusaidii sana. Kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili zilizo mezani pangu huieleza sime kama aina ya kisu kikubwa chenye makali pande mbili, basi. Hazisemi kwamba bapa hupanuka kuelekea nchani. Hazisemi kwamba huvaliwa kiunoni ndani ya ala ya mbao iliyovikwa ngozi, wala hazitaji jamii zinazoimiliki. Kwa fasili hiyo hata jambia litaitwa sime, maana nalo lina makali pande mbili. Cha kushangaza ni kwamba kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka wa 1939, pamoja na kasoro zake zote za kikoloni, ilikuwa makini zaidi katika uwanja huu. Humo utakuta upanga wa feleji, ambao ni mrefu, ulionyooka na wenye makali pande mbili. Utakuta na upanga wa imani, ambao ni mfupi na mpini wake una umbo la msalaba. Ni Wakenya wangapi leo wanaoyajua majina hayo?

Msomaji anaweza kuniuliza: yote haya yana faida gani nje ya darasa la isimu? Faida yake utaiona kwa watu wanaokusanya na kutambua silaha za kale. Hao, wawe wa makumbusho au watu binafsi, wana kanuni zao. Hutazama umbo la bapa, mpini, ala, aina ya chuma na alama za kiwandani. Hiyo ni kazi nzuri. Ila wengi wao husahau ushahidi mwingine ambao hauna kutu: jina ambalo wenye kitu walikiita.

Chukueni mfano wa neno kitara. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wamezoea kuita "kattara" ule upanga wa Oman ulionyooka, wenye bapa pana na mpini mrefu usio na kikingio. Ni upanga uleule ambao Waomani hucheza nao ngoma ya razha wakiwa na ngao ndogo ya duara. Jina hilo limeandikwa katika orodha za minada na vitabu vingi, na limerudiwa hadi likaonekana kuwa kweli. Lakini muulize mzee yeyote wa Mombasa au Unguja anayekijua Kiswahili cha zamani: kitara ni upanga gani? Atakwambia ni ule uliopinda. Kamusi zetu, za zamani na za sasa, zinamuunga mkono. Na huko Oman kwenyewe, wenye mila huuita sefu ule ulionyooka, na kattara ni ule uliopinda. Ina maana neno moja la Kiswahili, lililohifadhiwa vizuri, lingetosha kuwatahadharisha wataalamu wa ng'ambo kwamba wamebandika jina la huyu juu ya yule. Hicho ndicho ninachokiita ushahidi wa lugha.

Washairi wetu walilijua jambo hili kabla ya wakusanyaji. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ambaye kisa chake kilitungwa utendi na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913, hakuweza kuuawa kwa mkuki wala upanga. Kilichomuua ni sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, tena na mwanawe mwenyewe. Ondoa sindano ile, uweke "silaha" au "panga", na kisa chote kinaporomoka, kwa kuwa usaliti wenyewe umo katika kuijua silaha ile moja.

Sasa turudi Kamere, kwenye ile sime. Kijana aliniambia ni "ya Wamasai". Labda. Wamasai huiita ol alem, na kwa kawaida waliofua chuma miongoni mwao ni wa ukoo wa Ilkunono. Lakini Wagikuyu nao wana silaha ya jinsi hiyo, ruhiu rwa njora, yaani upanga wa ala, na walikuwa na wahunzi wao mashuhuri. Barabarani, kila chenye ngozi nyekundu huitwa cha Wamasai kwa sababu jina hilo humvutia mtalii. Hilo ni jina la biashara, na halithibitishi asili ya kitu.

Nikaigeuza sime kwenye mwanga. Karibu na mpini, pale nyundo haikufika vizuri, palibaki kivuli cha chapa ya kiwandani. Sikuweza kuisoma, lakini nilielewa. Wahunzi wengi wa bara walichukua mapanga yaliyoingizwa kutoka ng'ambo, au baadaye springi za magari, wakayafua upya kuwa sime. Kumbe kijana hakukosea kabisa! Chuma kile kilikuwa panga kabla hakijawa sime. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo thamani yake ilipo: mhunzi wa kwetu aliichukua zana ya duka la mkoloni akaipa umbo alilolirithi kwa wazee wake. Anayeiita panga anaifuta kazi yote ya mhunzi yule.

Lipo pia suala la sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka wa 2006 hukihesabu kitu kuwa cha kale ikiwa kilitengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895, na kitu cha aina hiyo hakitoki nchini bila kibali. Sasa, nani ataukadiria umri wa kitu asichojua hata jina lake? Aliyeandikiwa risiti ya "panga kuukuu" atapita nayo mpakani akipiga mluzi.

Tulipokuwa tukirudi, mwenzangu alikuwa kimya. Tulipofika langoni kwake akaniambia, "Unajua, Prof, baba naye alikuwa na moja."

Akanieleza. Sime ile ilining'inia ukutani mwa nyumba ya wazazi wake tangu yeye akiwa mtoto. Katika mji huu neno panga lina historia nzito. Usiku wa Machi 26, 1953, wapiganaji wa Mau Mau walikivamia kituo cha polisi cha Naivasha wakatwaa bunduki, na kwa miaka yote ile ya hali ya hatari magazeti ya walowezi yaliligeuza neno panga kuwa jina la hofu. Kisha ikaja Januari 2008, ambayo watu wa Naivasha hawahitaji kukumbushwa. Baada ya siku zile, uvumi ulienea kwamba nyumba itakayokutwa na panga itashukiwa. Mama yake, mjane tayari, aliitazama ile iliyokuwa ukutani akaona panga. Aliyepita akinunua vyuma vikuukuu aliipima kwa kilo pamoja na sufuria iliyotoboka.

"Kama angeiita sime?" nikamuuliza.

"Angeificha," akasema. "Baba aliiita sime. Sisi watoto ndio tulioanza kuiita panga."

Sina la kuongeza kwa hilo, ila nina ombi kwa wahusika watatu. Watunga kamusi waongeze umbo, matumizi na wenyeji katika fasili za silaha, na picha ndogo ikibidi. Wahariri wa magazeti, likiwemo hili, wairudishie upanga na panga ngeli zao. Na ninyi wasomaji, kama kuna mzee nyumbani na chuma ukutani, msimuulize kwanza kina miaka mingapi au kingeuzwa bei gani. Muulizeni anakiitaje. Andikeni jina hilo kwenye karatasi kama lilivyotamkwa, hata liwe la Kigikuyu, Kimaa au Kikamba, mlifunge pamoja na ala yake.

Niliinunua ile sime ya Kamere. Kijana alipokuwa akiifunga gazetini aliniuliza niandike wapi neno lile, asije akalisahau. Nilimwandikia nyuma ya kadi yake ya bei. Nilipogeuka kuondoka nilimsikia akimwita mteja mwingine: "Kuja uone, mama, nilikuwa na sime ikaenda, lakini nyingine inakuja."